Zumari ya Zamani Haiko na Kosa

Katika vitabu vyetu hivi tumezoea kusema juu ya ngoma na likembe za kwetu. Mara hii tunataka kugombana kidogo juu ya kitu cha mbali: zumari ya mfuko ya Ireland, ile wenyewe wanaita uilleann pipes. Tunagombana sababu kuna maneno tunayasikia kila mara kwa watu wa muziki, hata wenye masomo makubwa: eti zile za zamani, zilizochongwa Dublin kabla ya 1850, zilikuwa "chini", hazikujua sauti ya kweli, mpaka piano na gitare zikaja kuzinyoosha. Sisi tunasema hapana. Ni uongo, tena uongo wenye kuharibu mali.

Kwanza mujue chombo chenyewe. Mpigaji hapulizi kwa kinywa. Anakaa kwenye kiti, anafunga mvukuto chini ya mkono wa kuume, kama ule wa muhunzi lakini mudogo, na kiwiko ndicho kinasukuma upepo mpaka kwenye mfuko ulio chini ya mkono wa kushoto. Hilo jina uilleann linatoka kwenye neno la kiwiko katika lugha yao. Juu upepo ni mkavu, matete hayalowi mate, na bomba la vidole linapanda oktava mbili nzima. Zumari kubwa ya Scotland, ile ya kupuliza kwa kinywa, ina noti tisa tu. Kando yake bomba tatu zinalia noti moja, katika oktava tatu, bila kunyamaza. Tena kuna bomba zingine zenye funguo, mpigaji anazigusa kwa kifundo cha mkono bila kuacha wimbo, na hapo unasikia maakordi. Mutu mmoja, kazi ya wanne.

Wachongaji wa zamani, kama Kenna na Coyne, walitoboa bomba nyembamba na ndefu. Msingi wake uko do, ao si, ao hata si bemoli. Ile inayojulikana zaidi leo iko re. Sauti ya zile za kale ni ya nyumbani, ya karibu na moto: haipigi kelele, inaingia taratibu, na bomba za chini zinaungana na wimbo mpaka hujui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Sasa wanasema hiyo iko "chini". Chini ya nini? Ile la ya mitikisiko 440 kwa sekunde, ambayo leo inapima karibu kila kitu, ilikubaliwa na mataifa katika mkutano wa London mwaka wa 1939. Namna gani zumari ya mwaka wa 1830 ifanye kosa mbele ya sheria iliyokuja miaka mia moja nyuma yake?

Na si msingi tu. Noti ya tatu ya ile ngazi, piano inaiweka juu kidogo ili iweze kutumika katika ngazi zote. Zumari haina shida hiyo. Inapima noti yake na zile bomba zenye kulia, kwa hiyo noti inalala chini kidogo, na inatulia. Wekeni noti ya piano juu ya bomba hizo, mutasikia inatetemeka kama mutu mwenye homa. Basi nani hapo hajui kuimba?

Wale wenye kutaka kuzinyoosha, wajue wanagusa nini. Ukifupisha bomba la vidole, matundu hayako tena fasi yake. Ukipanua matundu, ao ukilazimisha tete fupi, oktava ya juu inagombana na ya chini. Mbao iliyokwanguliwa hairudi.

Hatusemi re ni mbaya. Ndugu wawili Taylor, watu wa Drogheda waliohamia Philadelphia, ndio waliotoa ile zumari pana yenye nguvu mwishoni mwa karne ya 19, juu ya majumba makubwa ya Marekani. Walikuwa na sababu. Johnny Doran alipiga re kwenye masoko na mashindano ya farasi, fasi ya makelele, na sauti yake iliyorekodiwa mwaka wa 1947 inasimamisha nywele hata leo. Lakini kilichofaa sokoni, nani alisema kinafaa kila fasi?

Hata kati ya wapenda mambo ya kale kuna wenye kupotosha. Grattan Flood aliandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba jina uilleann ni la zamani sana, eti hata Shakespeare alilijua. Kumbe magazeti na vitabu vya karne ya 18 na ya 19 vinaandika "union pipes". Zumari hii ilipata umbo lake katika karne ya 18. Miaka mia tatu hivi haitoshi? Kwa nini kuiongezea umri wa uongo!

Wengine wanasema: basi tuifungie kwenye kioo cha makumbusho, isiguswe. Hapo pia tunakataa. Mwaka wa 1908 James Ennis aliingia katika duka la rehani London, akanunua mfuko wenye vipande vya zumari iliyotoka kwa Coyne, Thomas Street, Dublin. Vilitengenezwa, vikalia tena. Mtoto wake Séamus aliipiga maisha yake yote, na alipofariki mwaka wa 1982 akamwachia Liam O'Flynn, naye akaipeleka mbele ya watu wa nchi mingi mpaka kifo chake mwaka wa 2018. Kama ingewekwa kwenye kioo mwaka wa 1908, nani angejua inasema nini? Mwaka wa 1968, wapigaji walipoanzisha chama chao, Na Píobairí Uilleann, hawakufika mia moja. Mwaka wa 2017 UNESCO iliandika ufundi huo katika urithi wa dunia. Vioo havikufanya kazi hiyo, ni viwiko.

Kwetu Kongo jambo hili halitupiti mbali. Roger Casement, ambaye ripoti yake ya 1904 ilifunua mateso ya Wakongo chini ya Leopold wa Pili, mwaka ule ule alisaidia kuandaa sikukuu ya nyimbo na ufundi wa Ireland kule Antrim. Tena zumari nyingi za kale zina pete za pembe ya tembo. Biashara ya pembe kati ya nchi ilipigwa marufuku tangu 1990, na sisi wenye kuona tembo wetu wanaisha tunaunga mkono marufuku hiyo kabisa. Lakini pete ya mwaka wa 1830 haiui tembo wa leo. Wapimaji wa mipakani wapewe karatasi zilizo wazi, mpigaji apite na zumari yake nzima, asiambiwe kuing'oa pete.