Msisingizie Umeme Mdogo

Hapa Nanyamba kuna maneno mawili yaliyoficha uzembe mwingi kuliko giza la usiku: umeme mdogo. Taa ikififia, umeme mdogo. Friji ikiungua, umeme mdogo. Fundi akiharibu kazi, hutazama nguzo barabarani, hutamka maneno hayo hayo, kisha huondoka na ujira wake. Mimi nimeyachoka, na nitaeleza kwa nini.

Baada ya kuuza korosho nilimnunulia mama kiyoyozi. Mama ni mtu mzima, amepooza upande mmoja, na chumba chake kiko chini ya bati. Anayeijua Nanyamba ya mwezi wa Novemba hahitaji kuelezwa joto hilo. Fundi aliyeletwa na mwenye duka aliifunga mashine asubuhi moja, tukafurahi. Jioni vituko vikaanza: inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena, na kila ikijaribu kuwaka taa za nyumba nzima zinafifia.

Nikamwita fundi. "Mzee wangu," akasema, "mashine haina kosa. Umeme wa huku ni mdogo. Nunua stabilaiza." Na kumbe mwenye duka anazo!

Sikununua. Siku ya tatu mjukuu wangu, akitoka kuoga na miguu mibichi, aligusa bodi ya mashine ukutani nje, akarushwa chini. Nilimshukuru Mungu niliposikia analia.

Ndipo nikamwomba mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, aje anitazamie. Yeye hakuitazama nguzo. Alitoa mita akapima. Kwenye meni swichi zilikuwa volti 226, na kipimo chake ni 230. Mashine ilipojaribu kuwaka, pale pale zilibaki 219. Lakini kwenye mashine yenyewe zilifika 165 tu. Ndugu msomaji, umeme uliingia nyumbani mwangu ukiwa mzima, ukaugulia ndani.

Tukapanda darini. Fundi alikuwa ameunga mashine kwenye waya wa taa, ule mwembamba wa milimita za mraba 1.5. Kiungo alikisokota kwa vidole na kukizungushia tepu nyeusi. Tepu ilikwisha kuyeyuka, na mbao iliyokuwa juu yake ilikuwa imeanza kuungua. Waya wa ethi alikuwa ameukata na kuukunja.

Yule mzee alinifundisha jambo. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto la chumbani na kulimwaga nje. Anayesukuma ni kompresa, na kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishashika mwendo. Umeme huo ukikuta kiungo kilicholegea, volti hupotea hapo na kugeuka joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kompresa inakosa nguvu ya kuanza, inapata moto, kinga yake inaikata, inapoa, inajaribu tena. Na stabilaiza je? Ingevuta mkondo mkubwa zaidi kupitia kiungo kile kile, juu ya kichwa cha mama yangu.

Sisemi kwamba umeme mdogo haupo. Upo, hasa jioni, kwa nyumba zilizo mwisho wa laini, mbali na transfoma. Lakini ugonjwa huo unapimwa. Fundi asiyepima anapiga ramli.

Nasi wateja tusijivue lawama. EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme. Mimi niliuliza bei, leseni sikuuliza. Rahisi ghali, nami nusura niilipe kwa mjukuu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2007 inaendesha mitambo ya umeme Mtwara mjini. Mwaka 2013 watu walipoteza maisha katika machafuko yaliyozuka juu ya bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam. Tulipaza sauti kwamba mali hii ya kwetu itufae nasi. Sasa umeme umefika hadi kwenye dari zetu, halafu tunauacha ufie kwenye kiungo kifupi kuliko kidole, kwa sababu mtu alibania konekta moja! Aibu hiyo si ya nguzo. Ni yetu.

Yule mzee alivuta waya mpya, mnene, kutoka meni swichi moja kwa moja hadi kwenye mashine, akaiwekea swichi yake ya kujikata na kuunga ethi kama inavyotakiwa. Nguzo ni ile ile, transfoma ni ile ile, wala stabilaiza haipo. Mama analala.

Kwa hiyo fundi akikuambia umeme ni mdogo, usibishane naye. Mwambie: sawa, mwanangu, toa mita tuone.