Risala ya Wamotari na Mafundi wa Nyakabere: Pesa ya Breki Isiishie Kizuizini

Kwa waheshimiwa viongozi wa teritware ya Uvira na wa komini, kwa wakuu wa barabara, wa polisi na wa kodi, kwa wazee wetu wa mitaa, na kwa ninyi abiria mliokuja kusikiliza.



Barua nyingi zinazopelekwa ofisini kwenu huandikwa Kifaransa, na watu zinaowahusu hawajui kilichoandikwa mpaka mtu awasomee. Hii tumeiandika kwa Kiswahili ili mama anayepanda piki alfajiri na furushi lake la mihogo, kijana aliyekabidhiwa piki ya mtu mwingine, na fundi aliyeketi chini ya mwembe na spana zake, wote waisikie wenyewe na waweze kutukosoa hapahapa kama tumewasemea vibaya.

Waheshimiwa, pesa ya motari haina mifuko miwili. Ikishatoka kwenye kizuizi cha barabarani haipo tena ya kununua viatu vya breki. Faranga inayochukuliwa barabarani bila risiti imetolewa kwenye breki, kwenye tairi na kwenye mafuta ya injini, na anayekuja kuilipa mara ya pili ni abiria aliyekaa nyuma. Malalamiko yetu yote yanatoka hapo, na madai yetu yote yanarudi hapo.

Wengi wetu tunaoendesha hatuna piki. Piki ni ya mwalimu, ya mchuuzi, ya mjane aliyeweka humo mali yote aliyoachiwa, na kila jioni mwenyewe anangoja hesabu yake. Ana haki. Kabla ya hesabu kuna esansi, na kabla ya esansi kuna kamba iliyovutwa katikati ya njia, isiyoshuka mpaka mtu atoe kitu. Kinachobaki kinakwenda kwenye sufuria ya nyumbani. Matengenezo yanangoja kesho, na kesho mambo ni yaleyale.

Hatukatai kodi. Wako kati yetu waliolipia plaki, vinyeti, asiransi na permi, na karatasi zao wanazibeba kwenye mfuko wa nailoni zisiloe. Tunachokataa ni kulipa jambo lilelile mara mbili au tatu katika safari moja ya kushuka Uvira, kwa watu wenye sare tofauti na wengine wasio na sare kabisa, bila hata kipande cha karatasi. Mwenye karatasi kamili huambiwa kuna nyingine mpya imetoka. Anayebisha hunyang'anywa ufunguo, na siku yake imekwisha. Hatukuja kutaja jina la mtu wala la ofisi, kwa sababu hatutaki hasira ya leo iwe kisasi cha kesho barabarani. Tumekuja kutaja jambo lenyewe, nanyi mna njia ya kuwajua wanaolifanya.

Watu husema ajali ni mbio za vijana. Mbio zipo, nasi tutazisema. Lakini piki iliyoanguka ikiletwa kwa fundi, mara nyingi ugonjwa wake unaonekana ulikuwamo siku nyingi kabla ya ajali. Tunaomba mtuvumilie hapa, maana hili ndilo tunalolijua kwa mikono yetu.

TVS na Boxer tunazotumia ni piki ngumu, zimetengenezwa India kwa ajili ya kazi, na mwenye spana chache na bisibisi anaweza kuzitunza mwenyewe. Sheni ikibonyezwa katikati, upande wa chini, inatakiwa icheze kama milimita 20 mpaka 30. Ikilegea zaidi huruka meno ya pinyo na inaweza kulifunga gurudumu la nyuma mtu akiwa kwenye mwendo. Ikikazwa mno inakula beringi na mwishowe inakatika. Kuirekebisha ni kulegeza nati ya ekseli, kuzungusha skrubu za kulia na kushoto kwa kipimo kimoja huku ukitazama alama zilizochongwa pande zote mbili, na kukaza tena. Anayekaza upande mmoja kuliko mwingine amelipindisha gurudumu, na tairi lake litaliwa upande mmoja.

Breki ya ngoma ina mshale mdogo pale mkono wake unapoingia kwenye gurudumu. Kanyaga pedali, tazama mshale: ukivuka alama, viatu vimekwisha. Kwenye piki nyingi zinazopanda Lemera na kuteremka na abiria wawili na gunia, mshale huo umeshavuka. Motari anaikaza nati ya fimbo ya breki ili pedali lisizame, wiki hii na wiki ijayo, mpaka chuma kinasugua chuma. Si kwamba hajui. Anajua, na pesa ya viatu imebaki njiani.

Mafuta ya injini kwenye piki hizi ni kama lita moja tu. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja, ndiyo maana inachoka mapema kuliko ya gari. Kitabu cha kiwandani kinampa mtu kilomita elfu kadhaa kati ya vidanji moja, yaani kubadili mafuta, na nyingine, lakini hakikuandikwa kwa vumbi la uwanda wa Ruzizi wakati wa kiangazi, wala kwa mizigo yetu. Anayezunguka kutwa inampasa kumwaga mapema zaidi, na kukung'uta chujio la hewa kila baada ya siku chache, maana vumbi likipita hapo linasaga silinda kama jiwe la kunolea. Halafu mtu akijinyima akanunua lita mpya, anauziwa mafuta meusi yaliyochujwa na kufungwa kwenye kopo lenye lebo nzuri. Viatu vya breki vya bandia navyo vipo: vinafanana na halisi kwenye boksi, vikipata joto mteremkoni vinateleza. Vita vimeifunga na kuifungua njia ya Kamanyola mara kwa mara, na kila inapofungwa, bidhaa hizi mbovu ndizo zinazojaa sokoni kwa bei ya juu.

Esansi yetu kwa sehemu kubwa tunainunua kwa wakadafi, wale wanaoiuza kwenye chupa na madumu kando ya njia. Hatuwashambulii, ni ndugu zetu, na usiku wa manane mwanamke akishikwa na uchungu, mkadafi ndiye anayeamka kutuuzia. Lakini dumu lililobeba mafuta ya taa jana linabeba esansi leo, na maji na taka vinazama kwenye kikombe cha kabureta mpaka piki inazima katikati ya mteremko na lori likiwa nyuma. Wengi wetu tumejifunza kufungua ile skrubu ya chini ya kikombe na kumwaga uchafu. Wengi zaidi hawajafundishwa, na wanasukuma piki kwa miguu hadi kwa fundi.

Tena, sisi wa uwanda huu hatuhitaji mgeni aje kutueleza esansi inaweza kufanya nini. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka Sange. Watu walisogea kuchota kilichomwagika, wengine walikuwa wamejaa kibandani wakitazama Kombe la Dunia, mafuta yakawaka, na moto ule uliua watu zaidi ya 230. Walizikwa pamoja, maana wengi hawakuweza kutambulika. Baada ya msiba wa namna hiyo, bado tunaona dumu limefungwa kati ya motari na abiria, kifuniko chake ni kipande cha nailoni, sentimita chache juu ya eksozi inayowaka. Jambo hili linatuumiza kusema, lakini tukinyamaza leo tutakuwa tumewasaliti wale waliolala pale.

Kuhusu barabara yenyewe hatutasema mengi, kwa sababu mnaipita. Barabara ya Taifa Namba 5 ndiyo mshipa wetu kati ya Uvira na Bukavu. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira ukachukua nyumba na watu, na miaka iliyofuata ziwa likapanda mpaka Gatumba, ng'ambo ya mpaka, ikakaa ndani ya maji. Motari akivuka kijito kilichokata njia, breki zake za ngoma hazishiki mpaka zikauke. Inambidi aende polepole akizigusa kidogokidogo zipate joto. Asiyelijua hilo atalijua kwenye kona ya kwanza. Jambo moja tu la barabarani tunaliomba lipewe uzito wake: malori yanayotoka Tanzania usukani wake uko kulia, wakati Kongo tunapita upande wa kulia. Dereva akitaka kupita gari lililo mbele haoni kinachokuja mpaka ameshajitoa nusu nzima katika njia ya pili. Hapo ndipo alipo motari.

Sasa kaske, kofia ya kukinga kichwa. Nchini Rwanda, motari hubeba kaske mbili na abiria haketi mpaka amevaa yake. Kwetu, motari akiwa nayo mara nyingi imening'inia kwenye usukani, na abiria hana kabisa. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali walikuta kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Mama zetu wanaogopa kuvaa kitu kilichotoka kichwani mwa mtu mwingine, na hofu yao ina sababu. Kitambaa chepesi cha pamba chini ya kaske, kinachofuliwa, kinatosha kuiondoa. Kinachotushinda ni bei ya kaske halisi, na zile kofia za plastiki nyepesi za kuvaliwa kwenye ujenzi, ambazo wengine wanazinunua ili wapite tu kizuizini. Askari anayeiruhusu kofia ya namna hiyo ipite hajamlinda mtu.

Waheshimiwa, piki ndiyo ambulansi ya Nyakabere. Tunabeba wajawazito, watoto wenye homa kali, waliopigwa risasi. Wenzetu wamevamiwa usiku kwenye uwanda huu, wengine wakanyang'anywa piki ambayo deni lake halijaisha, wengine hawakurudi. Aliyetoka kumpeleka mgonjwa hospitalini saa nane za usiku hastahili kusimamishwa na kudaiwa kitu kabla ya kulala.

Kwa hiyo tunadai kwanza kabisa kwamba kila kizuizi kwenye njia ya kushuka Uvira kiwe na ubao unaosema ni cha nani, kinatoza nini na kwa sheria ipi, na kwamba pasipo risiti yenye muhuri motari aruhusiwe kupita bila kulipa na bila kunyang'anywa ufunguo. Sheria ya barabara tunayo, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Tunadai sehemu zinazohusu piki zitafsiriwe kwa Kiswahili, zichapwe na kubandikwa kwenye kila egesho, ili motari na askari wasome karatasi moja. Karatasi zote za piki zilipiwe mahali pamoja na kwa awamu, kwa sababu hakuna motari anayeweza kuzitoa pesa zote kwa siku moja.

Sehemu ya pesa tunayolipa irudi. Hatuombi irudi mikononi mwetu. Irudi kama gereji ndogo ya mafunzo hapahapa Nyakabere, ambamo fundi wa kweli atafundisha sheni, breki, kabureta na taa, na ambamo piki itakaguliwa bure kila baada ya miezi mitatu. Irudi kama kaske halisi zinazouzwa kwa bei tunayoiweza. Madawa mabovu yanakamatwa sokoni, basi na viatu vya breki vya bandia vikamatwe, maana navyo vinaua. Wakadafi wapewe mahali pao mbali na nyumba na majiko, wawe na ndoo za mchanga, na madumu yenye vifuniko vya kukaza. Malori ya mafuta yasipite katikati ya makazi usiku.

Sisi nasi tunajifunga mbele yenu. Abiria mmoja, au mama na mtoto wake. Si watu watatu na mbuzi. Hakuna dumu la esansi pamoja na abiria. Taa mbele na nyuma, vioo vyote viwili, na taa zile za kupofusha tuzing'oe. Atakayeendesha akiwa amelewa au atakayeshindana mbio na mwenzake njiani, egesho litamsimamisha kabla polisi hawajafika, na mwenye piki ataarifiwa. Wenye piki walio kati yetu nao wamekubali kwamba siku ya vidanji na siku ya kubadili viatu vya breki hesabu ya jioni haitadaiwa. Hilo halikupatikana kwa urahisi, na tunawashukuru.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu leo, lisomwe hapa kama ilivyosomwa risala hii. Wajumbe wetu wako tayari kukaa nanyi wakati wowote, wakiwa na risiti tulizopewa na orodha ya mahali tulipolipa bila kupewa. Wakati tunasubiri, mafundi wetu wataanza kukagua breki na sheni kila Jumapili alasiri kwenye egesho, bila malipo, na tunawaalika mlete piki za ofisi zenu pia.

Sisi, wamotari, wenye piki na mafundi wa Nyakabere.