Meli Ina Ratiba Yake, Mtoto Ana Miguu Yake

Sisi wakazi wa Mombasa ni mashahidi wa jambo hili. Meli kubwa ya watalii hufunga gati Kilindini asubuhi, mabasi yakawa tayari yamejipanga, na wageni wakapakiwa humo kama mbata katika magunia. Hupitishwa chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue, wakateremshwa Ngomeni, wakapelekwa kwenye duka la vinyago, kisha wakarudishwa melini. Huko makwao watasema wameiona Mombasa. Lakini hakuna aliyewakaribisha kahawa, wala mtoto wao hakucheza na mtoto wa Kibokoni. Mji waliuona kwa kioo cha basi.

Nimeanza na habari hii kwa sababu siku hizi wako jamaa zetu ambao nao huwa wageni wa namna hiyo katika nchi za watu. Wazee wenye watoto wao Uingereza hualikwa wakati wa likizo, na mojawapo ya safari zinazopendwa na familia za huko ni ile ya meli iendayo kaskazini, kandokando ya pwani ya Norwei. Mimi nilialikwa na mwanangu, tukapanda meli Southampton pamoja na mkewe na mjukuu wangu wa miaka saba. Niliyoyaona ndiyo yanayonifanya nishike kalamu. Maoni yangu ni haya: aliye na mtoto mdogo asinunue matembezi ya bandarini yaliyopangwa na meli, ila pale penye haja ya kweli. Ajipangie mwenyewe, na apange kabla hajaondoka nyumbani.

Wako watakaonipinga. Watasema: nchi ni ya watu, lugha huijui, na ukiwa na mtoto mkononi ni heri uandamane na kundi. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini tuyatazame hayo matembezi ya kundi jinsi yalivyo. Abiria huitwa mapema, wakabandikwa namba kifuani, wakakaa ndani ya basi saa tatu au nne wakisimuliwa tarehe na majina ya wafalme. Mtoto wa miaka saba atafanya nini na majina ya wafalme? Akitaka kwenda msalani, basi haliwezi kusimama. Akimwona paka wa ajabu, kiongozi ameshatangulia na bendera yake. Nilimwona mtoto mmoja wa watu akirudi kutoka matembezi hayo amelala begani kwa babake, uso umevimba kwa kulia, na baba mwenyewe amenuna kwa fedha alizolipa. Mtoto yule hakuwa mtukutu. Alikuwa amebebeshwa mzigo wa watu wazima.

Sasa tuitazame Bergen, bandari yetu ya kwanza. Hapo pana mtaa wa kale uitwao Bryggen, nyumba za mbao zilizosongamana ufukweni, vichochoro vyembamba kama vya Lamu. Wafanyabiashara wa Kijerumani waliweka ofisi yao hapo tangu karne ya 14, wakinunua samaki wakavu walioletwa kwa mashua kutoka kaskazini. Mtaa uliungua mwaka 1702 ukajengwa tena vilevile, na mwaka 1979 ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kama mji wetu wa Lamu ulivyoingizwa mwaka 2001. Mtu wa pwani hahitaji kiongozi wa kumweleza mambo haya. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba samaki hawa hukaushwa kwa upepo wa baridi bila chumvi, nasi kwetu ng'onda hutiwa chumvi wakaanikwa juani; kila pwani na hila yake ya kumshinda uozo. Alielewa mara moja, kwani ng'onda anaijua kwa harufu.

Baada ya hapo tulipanda gari la reli livutwalo kwa kamba ya chuma hadi juu ya mlima Fløyen, kiasi cha meta 320. Gari hilo limekuwa likipandisha watu tangu mwaka 1918, na safari yenyewe ni dakika chache tu. Juu pana msitu na uwanja wa michezo wa watoto. Hapo tulikaa saa nzima na zaidi. Mjukuu wangu alicheza na watoto wa Kinorwei, bila lugha, kwani mtoto hahitaji mkalimani ili kusukumana kwenye bembea. Ikanyesha mvua, na Bergen ni mji wa mvua kuliko kiasi, lakini hakuna mzazi wa huko aliyekimbia. Wenyeji wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, ila mavazi mabaya. Basi koti la mvua na viatu visivyopenya maji vitiwe mkobani kabla ya kitu kingine chochote, ijapokuwa kumekucha jua.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoipendekeza: kila bandari jambo moja kubwa, na jambo moja dogo la kumfurahisha mtoto. Yakizidi hayo, ni tamaa. Huko Ålesund tulipanda kilima cha Aksla kwa ngazi 418. Mtoto alizihesabu kwa sauti, tukapumzika kila zilipotimia hamsini, na kule juu nikamwonyesha mji ulioteketea kwa moto usiku wa Januari 23, 1904, watu zaidi ya elfu kumi wakabaki bila makao, kisha ukajengwa upya kwa mawe na matofali katika miaka michache tu. Geiranger ni kijiji kidogo mwisho wa hori refu lenye kuta za milima na maporomoko ya maji. Huko meli nyingi hutia nanga katikati, abiria wakashushwa kwa mashua. Waliolipia matembezi ya meli hutangulizwa, na wengine hungoja zamu. Basi mwenye mpango wake asijiwekee miadi ya asubuhi sana. Sisi tulikwenda mchana, tukatembea kando ya poromoko, na mtoto akarusha vijiwe majini mpaka akatosheka. Gharama ya siku hiyo ilikuwa ni chai na maandazi ya huko.

Lakini nisije nikaonekana kwamba napendekeza uzembe. Anayejipangia mwenyewe hana wa kumsubiri, na hili ndilo jambo zito kuliko yote. Basi la meli likichelewa, meli hungoja. Wewe ukichelewa na mtoto wako, meli itakwenda zake. Hii si feri ya Likoni, kwamba ukiikosa hii utapanda ile. Utabaki gatini, na gharama za kuifuata bandari ya pili ni juu yako. Kwa hiyo saa ya kurudi isiwe ile iliyoandikwa na meli, bali saa nzima au zaidi kabla yake, kwani mtoto huchoka ghafla, na mwendo wa dakika kumi wa kwenda huwa dakika thelathini za kurudi. Jina la wakala wa meli na namba yake ya simu huchapishwa katika karatasi ya kila siku; itiwe mfukoni pamoja na nakala za pasipoti. Wenye pasipoti za Kenya wakumbuke kwamba Norwei imo katika nchi za viza ya Schengen, na anayeanzia Uingereza akarudi Uingereza huhitaji pia viza ya huko ya kuingia zaidi ya mara moja.

Juu ya saa, pana mtego wa sisi Waswahili. Meli huandika 17.30, nasi husema saa kumi na moja na nusu. Katika familia moja yenye babu wa Mombasa na mjukuu wa Uingereza, neno "saa tano" laweza kuwa nyakati mbili mbalimbali. Sisi tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba saa ni ile ya meli peke yake, tukailinganisha kila asubuhi, kwani Norwei imetangulia Uingereza kwa saa moja.

Na huko mbele zaidi, hesabu yetu ya saa hupoteza mzizi wake. Tromsø, jua halitui kabisa tangu karibu Mei 20 hadi Julai 22. Sisi tunaohesabu saa ya kwanza ya mchana kwa kuchomoza kwa jua, tutaanzia wapi? Mjukuu wangu ndiye aliyeniuliza: "Babu, hapa Maghribi huingia lini?" Nikamweleza kwamba wanazuoni wameruhusu kukadiria, ama kwa mji wa karibu wenye usiku na mchana, ama kwa saa za Makka, na kwamba katika mji huohuo wako Waislamu wanaoishi, wanaosali na kufunga. Nikamwonyesha pia Kibla. Sisi Mombasa huelekea kaskazini. Kule tulielekea kusini, kuegemea mashariki. Aliposimama akiipa mgongo ncha ya dunia, alifahamu kwamba Makka ni katikati ya watu wote. Somo hilo asingalilipata ndani ya basi.

Tena sala yenyewe ni hoja. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na anayeshika mpango wake mwenyewe huweza kutafuta pembe safi akasali Adhuhuri na Alasiri kwa utulivu. Kiongozi wa kundi hana nafasi hiyo katika ratiba yake. Chakula nacho ni vivyo hivyo. Soseji zinazouzwa njiani mara nyingi zina nguruwe, na mchuzi wa samaki huweza kutiwa mvinyo. Anayekwenda na kundi hupelekwa mezani. Anayejipangia huuliza kwanza, au hubeba mkate wake.

Usingizi pia upangwe. Jua linapowaka usiku kucha, mtoto hukataa kulala, na wazazi humwachia kwa kuona ni starehe. Kesho yake hawezi kutembea hatua mia. Pazia lishushwe kwa saa ileile kila siku, hata kama kunang'aa nje.

Je, meli isinunuliwe matembezi hata kidogo? Sikusema hivyo. Iko bandari ya Honningsvåg, ambako watu hushuka kwenda kuiona Nordkapp, jabali lenye urefu wa meta 307 juu ya bahari. Kutoka bandarini ni karibu kilomita 34 za njia ya milimani, na ukungu huweza kushuka wakati wowote. Hapo sisi tulilipa basi la meli bila kinyongo. Penye mwendo mrefu na njia moja tu ya kurudi, fedha hiyo ni bima. Ukaidi si busara.

Kwa hivyo nawashauri wazazi na mababu: majuma kadhaa kabla ya safari, tandikeni ramani sakafuni, mwiteni mtoto, mwonyesheni kila bandari na mwulizeni angependa nini. Pimeni mwendo kwa miguu yake, si kwa yenu. Mtoto ni amana hata katika starehe. Aliyeshiriki kupanga hanung'uniki njiani, na hujifunza mapema kwamba kuingia mji wa watu kuna adabu yake: kutembea taratibu, kusalimu, kuuliza, na kuondoka kwa wakati.