Uhaba si Ukatili

Kuna fikra iliyoenea miongoni mwa watu wanaocheza michezo ya kompyuta, na hata miongoni mwa baadhi ya wale wanaoitengeneza, ambayo naona ni potofu na inapaswa kupingwa. Fikra hiyo yasema kwamba mchezo ni burudani, na kwa kuwa ni burudani, mchezaji asikose kitu. Risasi ziwe tele, dawa ziwe tele, na akifa afufuliwe papo hapo bila gharama. Kumnyima, wanasema, ni kumtesa mtu aliyetoa fedha zake ili apumzike. Mimi nasema kumpa kila kitu ndiko kumnyima.

Najua baadhi ya wasomaji wataguna. Mtu mzima wa Kisongo, mahali panapojulikana kwa mnada wa ng'ombe, uwanja wa ndege na vumbi, ana habari gani na michezo ya vijana? Jibu langu ni fupi. Sisi tuko upande wa Mlima Meru ambao mvua huusahau. Wakati wenzetu wa Tengeru wanakata ndizi na kuchuma kahawa, sisi tunahesabu madumu ya maji. Mtu aliyezoea kuhesabu ana haki ya kusema neno juu ya uhaba, hata ule wa kubuni.

Michezo ninayoizungumzia ni ile ya bunilizi za kisayansi, ambayo humweka mchezaji peke yake ndani ya chombo cha angani au kituo kilichoharibika, kisha ikamwachia atafute njia yake mwenyewe. System Shock ya mwaka 1994 ni miongoni mwa michezo ya mwanzo ya aina hiyo. Ikafuata System Shock 2 mwaka 1999, BioShock mwaka 2007 na Prey mwaka 2017. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha System Shock 2, kwenye kompyuta yake ya mtumba. Mwanzoni mtu karibu hana silaha ila spana. Baadaye anapata bastola, lakini bastola hiyo huchakaa kadiri anavyoipiga, na mwisho wake hukwama. Risasi anaziokota moja moja, tena kwa bahati.

"Mjomba," aliniambia, "nina risasi nne, na huyu anayekuja anataka tatu. Nimpige, au nijifiche nizitunze?"

"Nyuma yake kuna nini?"

"Sijui, mjomba. Ndiyo maana nakuuliza."

Swali hilo nimelisikia mnadani maisha yangu yote. Mfugaji ana ng'ombe kumi na majani ya kutosha sita. Awauze wanne leo, wakiwa bado na nyama, au angoje mvua ambayo hajui kama itakuja? Katika ukame wa mwaka 2009, uliokausha nyanda za Monduli, Longido na Ngorongoro, mifugo mingi ilikufa, na wengi wa waliopoteza walikuwa watu waliongoja. Walipokuja kuamua kuuza, kila mtu alikuwa anauza, na bei ilikuwa imeanguka pamoja na ng'ombe wenyewe. Tuna methali isemayo akiba haiozi. Kwa mahindi ghalani labda ni kweli, ingawa hata huko dumuzi atabisha. Kwa ng'ombe katika kiangazi, akiba huoza tena hunuka.

Hapa ndipo ninapowapinga wanaosema uhaba katika mchezo ni ukatili tu. Uhaba uliopimwa vizuri haumfundishi mtu ubahili, bali humfundisha kutumia kwa wakati wake. Wachezaji wa michezo hii wanaijua vizuri aibu ya kufika mwisho wa safari na mfuko uliojaa dawa ambazo walizitunza kwa ajili ya siku mbaya zaidi, na siku hiyo haikufika. Mtengenezaji hodari huijua tabia hiyo na kuipiga vita. Katika System Shock 2 mfuko una nafasi chache, kwa hiyo kila unachobeba kinakufukuzia kingine. Mchezaji hulazimika kuamua, na kuamua ndiko kucheza. Mtu mwenye risasi elfu haamui chochote, anabonyeza tu.

Hebu tulinganishe. Katika System Shock 2 ziko mashine zinazomrudishia uhai mtu aliyekufa, lakini lazima kwanza aifikie mashine hiyo na kuiwasha, na kila anapofufuka analipia kwa sarafu ya mchezo, ile ile ambayo angenunulia risasi na dawa. Miaka minane baadaye Ken Levine, aliyeongoza ubunifu wa mchezo ule, alitoa BioShock akiwa na wenzake. Nao ni mchezo wa fahari, mji mzima chini ya bahari. Lakini humo mtu akifa hurudishiwa uhai bure, na maadui aliowajeruhi hubaki na majeraha yao. Matokeo yake, mchezaji aliweza kumwendea adui mkubwa kuliko wote akiwa na spana tu, akampiga, akafa, akarudi, akampiga tena, mpaka adui akaanguka. Wachezaji wenyewe walilalamika, na kabla mwaka ule wa 2007 haujaisha yalitolewa marekebisho ya programu yaliyomruhusu mtu kuzima mashine hizo. Zingatia jambo hilo, ndugu msomaji. Watu walipewa uhai wa bure wakaomba uondolewe. Hawakuwa wapenda mateso. Waligundua kwamba kifo kilipokosa bei, ushujaa nao ulikosa bei.

Wala hatuhitaji kwenda kwa wageni kulijua hili. Bao letu lina kete 64 na mashimo 32. Anayeanza kujifunza hupangiwa kete mbili mbili katika kila shimo, zote zikiwa wazi mbele yake tangu mwanzo. Hilo ndilo bao la kujifunza, na wapo wanaoliita kwa dharau bao la wajinga. Bao lenyewe, lile la mabingwa wa Unguja na mwambao, huanza kwa uchache. Kila mmoja huweka kete 6 kwenye nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili, na 22 zilizobaki hukaa mkononi, zikiingia moja moja kila zamu. Wazee wetu walipotaka mchezo uwe mgumu hawakuongeza kitu. Walichukua kete zile zile, wakazichelewesha. Na wote wawili hucheleweshewa sawasawa. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba bao ni katili.

Sasa niwageukie watu wa upande wa pili, maana nao wana makosa yao. Hawa hujigamba kwamba mchezo mgumu ndio mchezo, na anayeshindwa aende akacheze karata za watoto. Watengenezaji huwaridhisha watu hawa kwa njia rahisi. Mchezaji akichagua kiwango cha juu cha ugumu, adui aliyekuwa akifa kwa risasi mbili sasa anakufa kwa sita, wala hakuna kingine kilichobadilika. Adui hajawa na akili zaidi, njia mpya haijafunguliwa, hesabu ni ile ile ila ni ndefu. Huo si ugumu, ni uchovu. Ni sawa na kumwambia mcheza bao kwamba leo mwenzake ataanza na kete kumi za ziada, kisha tumsifu kwa uvumilivu wake. Katika mchezo mgumu kwa haki, mtu akishindwa anaweza kurudi nyuma kwa mawazo na kuonyesha mahali alipokosea. Akishindwa kwa sababu adui alijazwa uhai kama gunia, anachojifunza ni kwamba mwenye mchezo ana nguvu kuliko yeye. Alilijua hilo kabla ya kuwasha kompyuta.

Na hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu sifa ya uhaba inaweza kutumiwa vibaya. Wapo watu walioshiba wanaopenda kuwaambia wenye njaa kwamba shida ni shule. Kizazi changu kinakumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilipatikana kwa foleni, na mara nyingi foleni iliisha bila mtu kupata kitu. Mwaka 1983 ilipigwa vita ya wahujumu uchumi, na wengine wakatupa mali mitoni na maporini kwa hofu. Je, uhaba ule ulitufundisha kuchagua? La hasha. Ulitufundisha kujuana. Aliyepanga foleni tangu alfajiri alikosa, na aliyepitia mlango wa nyuma alipata. Kanuni iliyotangazwa ilikuwa moja na kanuni iliyofanya kazi ilikuwa nyingine. Katika hali hiyo akili haina kazi, na mwenye kupanga vizuri huonekana mjinga.

Chukua tena mgao wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011. Mchomeleaji vyuma aliyejua kwamba umeme utakatika asubuhi na kurudi jioni aliweza kuhamishia kazi usiku, akaishi. Ratiba ilipovunjwa, umeme ukawa unakuja na kuondoka upendavyo, mchomeleaji huyo huyo alikaa kibarazani akiutazama waya. Upungufu ulikuwa ule ule. Kilichoondoka ni kanuni, na pamoja nayo uwezo wa mtu kutumia kichwa chake.

Basi msimamo wangu ni huu. Uhaba wenye kanuni zinazojulikana na zinazowabana wote ni mwalimu. Uhaba usio na kanuni ni dhuluma, iwe dukani au kwenye kioo cha kompyuta. Mtengenezaji wa mchezo ana nafasi ambayo hakuna serikali wala mvua iliyopata kuwa nayo: anaweza kuupima uhaba kwa mizani. Anajua kila risasi iko chini ya meza gani. Akiitupa nafasi hiyo, ama kwa kumwaga vitu ovyo au kwa kuwajaza maadui uhai, asijitetee kwa kusema wateja ndivyo walivyotaka.

Tena wapo waliolifanya jambo hili kwa hekima. Katika Prey, kila takataka ina kazi. Maganda ya ndizi, karatasi zilizokunjwa na vyuma vilivyoungua hutiwa katika mashine moja vikawa malighafi, na mashine nyingine hugeuza malighafi hizo kuwa risasi au dawa, chochote mchezaji atakachochagua. Risasi nyingi ni dawa chache. Nilipoona hivyo nilicheka, kwa maana mama yeyote wa Kiarusha kwenye miteremko ya Meru angeuelewa mchezo huo bila kufundishwa. Kwake maganda ya ndizi ni chakula cha ng'ombe aliye zizini, samadi ya ng'ombe inarudi mgombani, na maziwa yanakwenda sokoni.

Watauliza: je, mtu ambaye mikono yake ni mizito, au mzee kama wewe, afanye nini? Swali ni la haki, na jibu lilikwisha kutolewa mwaka 1994. System Shock ile ya kwanza haikuwa na ngazi moja ya ugumu. Ilikuwa na nne: mapigano, mafumbo, kazi ya safari nzima, na ulimwengu wa ndani wa kompyuta, kila moja ikipimwa kuanzia 0 hadi 3. Mtu asiyeweza kupigana haraka alishusha mapigano na kuyaacha mafumbo juu. Aliyetaka kubanwa na muda aliipandisha kazi ya safari hadi 3, akapewa saa saba za kumaliza kila kitu. Hata System Shock 2 ilipolalamikiwa kwamba silaha zinachakaa upesi mno, marekebisho ya baadaye yalimruhusu mchezaji kulipunguza jambo hilo. Sina ugomvi na hayo. Kumwambia mtu wazi, "hiki ndicho unachokipunguza, na hiki ndicho kitakachobaki," ni kumheshimu. Ninachokataa ni kumpunguzia kimya kimya, kisha kumpongeza kana kwamba ameshinda.

Nayasema haya nikiwafikiria vijana wa hapa Arusha na kwingineko nchini wanaojifunza kuandika programu. Baadhi yao watatengeneza michezo, na pengine mmoja wao atatunga hadithi ya kituo cha mbali angani, chenye hewa kidogo na maji kidogo. Nawaomba wasinakili wingi wa wageni kwa kudhani ndio maendeleo. Wana hazina ambayo mtunzi wa Boston au Texas huipata vitabuni: wanajua dumu la lita ishirini linagawanywaje kati ya kunywa, kupika, kufua na ndama. Wanajua ni nani huanza kunywa, na kwa nini. Yote hayo ni kanuni, na kanuni ndizo mchezo.

Na kwa wazazi wenzangu wanaopita kwenye mabanda ya michezo wakisema vijana wale ni wavivu, nina ombi moja. Simameni kidogo nyuma ya kijana, mtazame anacheza nini. Akiwa anabonyeza tu bila kupungukiwa na chochote, mwiteni aje abebe maji. Lakini mkimkuta amenyamaza, ana spana moja na risasi nne, anahesabu, msimkatize. Yuko kazini.