Msanii wa Dadaab Naye Apewe Ukuta

Mwaka huu chama kimenipa nafasi ya kutoa maoni, nami sitaki kuimaliza kwa kuandika juu ya usafi wa mazingira au madhara ya sigara, mambo ambayo kila toleo tunayasoma na kila toleo tunayakubali, kisha basi. Nataka kuandika juu ya watu wanaoishi katika kaunti yetu hii hii ya Garissa, wengi wao wakizungumza lugha ile ile tunayoamkia nyumbani, lakini ambao kazi zao hatuzioni. Nina maana ya wasanii walioko kambini Dadaab.

Nianzie mbali kidogo. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine. Watu kwa mamilioni wakakimbia, na miongoni mwao walikuwamo wachoraji, wachongaji, wapiga picha na waimbaji. Siku nane tu baadaye, tarehe 4 Machi, nchi za Umoja wa Ulaya ziliiamsha sheria moja iliyokuwa imelala tangu mwaka wa 2001, zikawapa watu hao ruhusa ya kuishi na kufanya kazi bila ya kila mmoja kungojea kesi yake ya ukimbizi isikizwe. Majumba ya sanaa huko Berlin, Warsaw na kwingineko yakawafungulia vyumba vya kufanyia kazi na kuta za kutundikia picha. Mchoraji aliyetoka Kharkiv na begi moja mgongoni aliweza kuonyesha kazi yake katika mji mgeni kabla mwaka haujaisha, jina lake likiwa limeandikwa kando ya picha.

Siwaonei kijicho hata kidogo. Aliyefukuzwa kwake na makombora anastahili hayo na zaidi. Ninachouliza ni hiki: mbona wetu hawakupata?

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa 1991 na 1992, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Mogadishu Januari 1991 na Somalia kuvunjika vipande. Zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka wa 2011, mwaka ule wa njaa kubwa, kambi zilibeba karibu watu nusu milioni. Aliyezaliwa Ifo 1992 sasa ni mtu mzima mwenye watoto shuleni, na watoto hao wanasoma mtaala ule ule tunaosoma sisi, wanafanya mtihani ule ule wa taifa, wanapasuliwa vichwa na ngeli zile zile za Kiswahili. Lakini kutoka Dadaab mpaka mjini Garissa, kilomita kama 100 hivi, mkimbizi huhitaji kibali cha kusafiri. Akifika Garissa bado kuna daraja la mto Tana. Sisi wa pande za Ijara tunalijua daraja lile. Basi linasimama, abiria wanashuka, kila mtu na kitambulisho mkononi. Hata sisi wenye vitambulisho moyo hudunda.

Sasa mchukulie mama anayesuka mikeka. Mwenzangu, usidharau mikeka. Aqal ya Kisomali ni mikeka mitupu juu ya fito zilizopindwa, na huvunjwa asubuhi, ikapakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa tena jioni mahali pengine. Anayeisuka na kuijenga ni mwanamke. Nakshi za mikeka ile zina mpango wake, na bibi zetu huweza kukuambia mkono wa nani umesuka upi. Mama huyu alipovuka mpaka hakubeba ng'ombe, alibeba ujuzi. Hata nyasi alizozizoea zikikosekana, nyuzi za magunia zipo. Lakini bidhaa yake haiwezi kumfuata mnunuzi Nairobi wala Mombasa. Mnunuzi ndiye anayekuja, na anayekuja ndiye anayepanga bei. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naam, lakini chema hujiuza kikiwa sokoni. Kikiwa nyuma ya kizuizi cha polisi hakijiuzi, kinaoza.

Ndivyo ilivyo pia kwa kijana anayechora ngamia, simu na vikombe vya chai kwenye kuta za maduka ya Hagadera. Ndivyo ilivyo kwa waliofundishwa kushika kamera na shirika la FilmAid, wakatengeneza filamu fupi fupi za maisha yao wenyewe. Na ndivyo ilivyo zaidi kwa watunzi wa mashairi, maana Msomali asiye na shairi ni kama jiko lisilo na moto. Wanawake wana buraanbur yao, wanaume wana gabay yao.

Lini basi wasanii hawa huonekana? Aghalabu ni tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Hema linafungwa, viti vya plastiki vinapangwa, magari meupe yanawasili. Vijana wanacheza dhaanto, mikeka inatandazwa mezani, wageni wanapiga picha na kusema "vizuri sana". Saa nane hema limekwisha kunjwa. Na mara nyingi kile kibandiko kilicho juu ya mkeka husema "kazi ya wakimbizi". Jina la mama halipo! Picha ya mtoto wa darasa la nne ikitundikwa hapa shuleni huandikwa jina na mkondo wake, lakini mtu mzima mwenye ujuzi wa miaka 40 anaitwa "wakimbizi", kwa wingi, kana kwamba mkeka ulisukwa na kambi nzima.

Kuna atakayesema kwamba Kenya ni nchi maskini, haiwezi kufanya kama Ulaya. Ndugu yangu, Kenya ilishafanya. Wakati wa misukosuko ya Uganda, enzi za Idi Amin na kabla na baada yake, wasanii wa nchi ile walikuja Nairobi. Okot p'Bitek alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi miaka mingi. Mchoraji Theresa Musoke alihamia Kenya katika miaka ya 1970, akaishi huku kama miaka 20, akafundisha na kuchora wanyama wetu mpaka ukadhani alizaliwa mbugani. Jak Katarikawe, ambaye hakuwa amesoma shule ya maana, alifika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na picha zake za ng'ombe na ndoto zikatundikwa Gallery Watatu, wazungu na Waafrika wakazipigania. Alibaki Nairobi mpaka akafariki mwaka wa 2018. Leo ukitajiwa historia ya uchoraji wa Kenya utatajiwa majina hayo, na hakuna anayeuliza kama walikuwa na kadi ya mgao. Hawakuwekwa kambini. Walipanga vyumba, wakapanda matatu, wakagombana na wenye nyumba, wakauza picha. Hiyo tu. Tofauti kati yao na mchoraji wa Hagadera siioni katika kipaji. Naiona katika ule uhuru wa kupanda gari.

Ukitaka ushahidi wa pili, tazama Wasomali waliobahatika kwenda mbali. Maryam Mursal, mwimbaji mkubwa wa kikundi cha Waaberi, alikimbia vita na watoto wake watano, akazunguka Pembe ya Afrika kwa miezi mingi, mwishowe akafika Denmark. Kisha alirekodi albamu iliyotoka 1998, dunia ikamsikia. K'naan alitoka Mogadishu 1991 akiwa kijana mdogo, akakulia Toronto, na mwaka wa 2010 wimbo wake uliimbwa Kombe la Dunia Afrika Kusini mpaka na watoto waliokuwa hawajui Somalia iko wapi. Warsan Shire alizaliwa hapa hapa Kenya 1988, wazazi wake Wasomali, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga. Mwaka wa 2013 jiji la London lilimteua mshairi wake kijana. Najiuliza, na sipati usingizi: kama familia ile ingebaki huku na kuishia Dagahaley, tungemjua? Huenda angekuwa anatunga vile vile. Nani angesikia?

Wako waliojaribu bila ya kwenda ng'ambo. Vijana wa Kisomali wa Eastleigh walianzisha kikundi cha Waayaha Cusub, yaani Enzi Mpya, mwaka wa 2004. Waliimba dhidi ya ukabila na dhidi ya wanaowatia vijana bunduki mikononi. Mwanzilishi wao, Shiine Akhyaar Ali, alipigwa risasi 2007, akapona, akaendelea kuimba. Halafu Aprili 2014 ikaja ile operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakusanywa Eastleigh na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Mtu wa namna hiyo anachoka kwa pande zote mbili: wenye bunduki wanamwita msaliti, na wenye sare wanamwita mshukiwa.

Hapo nimegusa kidonda, na sitakikwepa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Na sisi wa Ijara tunaishi kando ya msitu wa Boni. Tangu 2015 tumejua maana ya operesheni, ya kafyu, ya barabara isiyopitika kwa hofu ya bomu. Serikali ilipotangaza Mei 2016 kwamba itaifunga Dadaab, wengi hapa walipiga makofi, mpaka Mahakama Kuu ilipozuia jambo hilo Februari 2017. Hofu ile ni ya kweli na anayeicheka hajalala gizani Hulugho. Lakini jamani, tufikiri. Gaidi anataka asijulikane. Msanii anataka nini? Anataka jina lake liandikwe kubwa, uso wake uonekane, watu wamwulize maswali. Kama ni kuwajua walioko kambini, hakuna njia nyepesi kuliko kuwapa jukwaa.

Wengine watauliza habari ya dini, kwamba kuchora viumbe na kupiga ala kuna maneno. Hapo nawaachia masheikh, mimi ni mwanafunzi tu. Ila mkeka, nakshi, hina, hati nzuri ya mkono na shairi havina ugomvi na mtu, na hivyo peke yake vinatosha kujaza ukumbi.

Hoja iliyonisumbua zaidi ilitolewa katika mjadala wa chama chetu, na aliyeitoa ni rafiki yangu wa karibu. Alisimama akasema, "Kwani mama zetu wa Ijara wameonyeshwa wapi?" Darasa lote likacheka, mimi nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo, na mama wa Sangailu anayesuka vizuri hana ukuta wala hema. Tena tusisahau kwamba maelfu ya Wakenya wa kaunti hii walijiandikisha kama wakimbizi wakati wa njaa ili wapate chakula, kisha wakanyimwa vitambulisho kwa sababu alama za vidole vyao zilikutwa kambini. Hivyo ule mstari tunaouchora kati ya "wetu" na "wale" ni mwembamba kuliko uzi wa mkeka. Jibu langu kwa rafiki yangu ni kwamba ukuta uwe mmoja. Maktaba ya taifa mjini Garissa, iliyoanza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka wa 1996 na kuwashangaza walimwengu, haiwezi kushindwa kutenga chumba kimoja, mkeka wa Sangailu ukaning'inia karibu na mkeka wa Ifo, kila mmoja na jina la msukaji na bei aliyoitaka mwenyewe.

Sheria haipingi. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2021 ilianza kutumika Februari 2022, mwezi ule ule wa vita vya Ukraine, na inamtambua mkimbizi kama mtu anayeweza kufanya kazi na kuchangia uchumi. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao unataka kambi zigeuke makazi ya kawaida, wenyeji na wageni wakitumia shule na hospitali pamoja. Mwaka huo huo mgao wa chakula ulipunguzwa vibaya kwa sababu wafadhili walifunga mifuko. Kwa hiyo ruhusa ya mtu kusafiri na kazi yake mpaka mjini si jambo la starehe tena, ni jambo la sufuria. Karatasi nzuri zipo. Daraja nalo bado lipo pale pale, na askari wake bado wanauliza kibali.

Kulibadilisha daraja si kazi ya mwanafunzi. Lakini jarida hili ni letu. Naomba toleo lijalo liache kurasa nne kwa wanafunzi wa shule za upili za Dadaab: insha, mashairi ya Kiswahili, na michoro ya kalamu inayoweza kuchapishwa. Kila kazi iwe na jina la mwandishi, shule yake na kidato chake, kama zilivyo zetu. Wasionewe huruma. Kalamu nyekundu ya mhariri iwapitie kama inavyotupitia sisi, na shairi lisilo na vina lirudishwe. Kibali hakiulizwi kwa bahasha. Barua ya mwaliko nimekwisha iandika kwa mkono, nakala tatu, moja kwa kila kambi. Iko kwenye droo ya chama, Mwalimu mlezi, inangojea sahihi yako na stempu.