Kudai Haki si Ugomvi, wala Uongo si Rufaa

Ni ada ya watu wetu wanaokaa Uingereza kwamba msafiri haendi uwanja wa ndege peke yake. Mama akienda Umra, au mjomba akirejea Mombasa, watoto humsindikiza, wakamchukulia mizigo yake na wakamuombea dua mlangoni. Hili ni jambo jema, nalo ni katika kuunga udugu. Lakini miaka hii wema huo umekuwa ukifuatwa na barua.

Jamaa yetu mmoja alimpeleka mama yake, mtu mzima anayetembea kwa mkongojo, akamshusha mbele ya jengo la wasafiri na akaondoka baada ya dakika nne. Hapakuwa na kizuizi njiani, wala kibanda cha kulipia, wala mtu wa kumuuliza. Haukupita muda ikamjia barua yenye picha ya gari lake: anadaiwa paundi 100, kwa kuwa hakulipa zile paundi 5 za kushushia abiria kabla ya saa sita ya usiku wa siku ya pili.

Alipoionyesha barua msikitini baada ya sala ya Isha, watu waligawanyika makundi mawili. Kundi moja likamwambia: "Lipa bwana, usitafute balaa na serikali ya watu." La pili likamwambia: "Waandikie kuwa aliyeendesha ni binamu yako, naye yuko Muscat. Watampata wapi?" Sisi twasema kwamba makundi yote mawili yamepotea njia, na la pili limepotea zaidi.

Tuanze na hao waoga. Barua ile si ya serikali, wala si faini ya polisi au ya korti. Ni madai ya kampuni ya biashara, inayosema kuwa dereva alifunga nayo mkataba kwa kuingia penye kibao chake. Mfanya biashara akikudai, unayo haki ya kumuuliza ushahidi wake. Kama kibao kilikuwa kidogo, au kiliwekwa pembeni ambapo mwenye kuendesha hawezi kukisoma bila ya kuhatarisha roho za watu, basi ridhaa iko wapi? Sisi Waislamu tumefunzwa katika Suratun Nisaa kwamba tusiliane mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Na wanavyuoni wetu tangu zamani wameshurutisha kuwa kinachouzwa kijulikane na bei yake ijulikane. Bei iliyofichwa si bei, ni mtego.

Tena sheria ya nchi ile yenyewe imeufungua mlango. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 2012 iitwayo Protection of Freedoms Act ilikataza makampuni kufunga magurudumu ya magari katika ardhi ya watu binafsi. Lakini badala yake ikawapa njia ya kumdai mwenye gari aliyeandikishwa, ijapokuwa hajulikani nani aliyeendesha. Njia hiyo haifiki kila mahali. Ardhi ambayo uegeshaji wake umo chini ya amri za kisheria imetolewa humo, na viwanja vya ndege vingi vina sheria ndogo zao. Hapo kampuni yapasa imdai dereva mwenyewe, na mwenye gari hana wajibu wa kuitajia kampuni binafsi jina la dereva.

Na hapa ndipo tunapoligeukia kundi la pili. Kunyamaza ni kitu kimoja, na kusema uongo ni kitu kingine kabisa. Mwenye gari akiandika, "Mimi ndiye niliyeandikishwa gari hili, thibitisheni madai yenu," amesema kweli na ametumia haki yake. Lakini akiandika jina la binamu aliye Muscat, hali aliyeshika usukani ni yeye, huyo amesema uongo na amemsingizia ndugu yake deni. Je, ataipandia mimbari gani kesho kuwafunza watoto wake ukweli? Wengine husema, "Hao wanatudhulumu, basi hapana ubaya kuwadanganya." La! Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida kwamba chuki yetu juu ya watu isituondoe katika uadilifu. Amri hiyo haikubagua dini ya mtu wala utajiri wake.

Wala tusijidanganye kwa hoja zilizokwisha kufa. Wako wanaoandika katika rufaa zao kwamba kampuni haikupata hasara ya paundi 100, kwa hivyo haiwezi kudai kitu. Mwaka 2015 Korti Kuu ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Barry Beavis, aliyepitisha muda kwa dakika 56 penye maegesho ya maduka huko Chelmsford, kwamba paundi 85 alizodaiwa ni halali kisheria. Lakini katika kesi ile vibao vilikuwa vikubwa, vingi, na vya kusomeka. Basi hoja yenye nguvu leo ni kibao, si hasara.

Ndugu msomaji, yakikufika haya usikae. Kwa kawaida unazo siku 28 za kuiandikia kampuni. Piga picha za vibao kama vilivyo, weka tikiti ya msafiri, eleza udhuru wako ikiwa upo. Wakikukatalia, wapasa kukuonyesha njia ya rufaa ya nje. Kwa makampuni mengi njia hiyo ni POPLA, ambayo haikutozi kitu, na uamuzi wake huifunga kampuni wala haukufungi wewe. Lakini fahamu kuwa ukienda huko na ukashindwa, aghlabu ile nafuu ya kulipa kiasi pungufu ndani ya siku 14 umekwisha kuikosa. Na barua ya korti ikija, usiitupe kamwe. Mwenye kunyamaza mbele ya korti huhukumiwa bila ya kusikilizwa.

Limebakia jambo moja, na hili najua litawachukiza wengi. Ikiwa ulikiona kibao, ukajua bei, ukashusha abiria wako, kisha ukasahau kulipa, basi zile paundi 5 ni deni juu yako, hata ukishinda rufaa. Zipeleke pamoja na barua yako, na wakizirudisha, utakuwa umekwisha kutimiza wajibu wako. Na ikiwa hukusahau, bali uliwakimbia kusudi, basi huna rufaa; unalo la kutubia. Kule Heathrow ada hii ilianza Novemba 2021, na asiyetaka kuilipa anaweza kumshusha msafiri katika maegesho ya muda mrefu bila ya malipo, kisha wakapanda basi la bure.

Nao wenye makampuni twawaambia hivi: mizani haipunjwi kwa mawe tu. Yule auzaye dakika nne kwa paundi 5, akaondoa kibanda na mtu wa kupokea pesa, kisha akangoja watu wasahau ili awatoze mara 20, naye amo katika maonyo ya Suratul Mutaffifin, hata kama korti haikumgusa.

Jamaa yetu aliandika barua ya kweli, akatia paundi 5 zake ndani, na akaeleza habari ya kibao. Jawabu bado hajapata. Lakini amelala usiku wake, na mama yake alipompigia simu kutoka Makka kumuuliza kama alifika nyumbani salama, hakuwa na la kumficha.

Wa billahi tawfiq.