KAMANGO: «Mkimbizi hachagui» ni neno baya. Pilipili mbichi si anasa

Kamango, usultani wa Watalinga, wilaya ya Beni. – Kuna neno ambalo limezoeleka vijijini tangu vita vianze kuhamisha watu: «Mkimbizi hachagui.» Linasemwa sokoni, linasemwa pale msaada unapogawiwa, na wakati mwingine linasemwa hata jikoni mwa familia iliyopokea wageni. Mama akiomba pilipili mbili tatu za kutia katika maharagi, anajibiwa kwamba mwenye njaa hatafuti utamu. Neno hilo ni baya, tena ni la uongo.

Wanaolisema wamesahau haraka. Tarehe 11 Julai 2013, waasi wa ADF waliposhambulia Kamango, makumi ya maelfu ya wakaaji walivuka mpaka na kuingia Bundibugyo, Uganda. Wengi walikaa Bubukwanga, kwenye kituo cha kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa na kakao na migomba yao walijikuta kwenye foleni, sahani mkononi. Mwenyeji wa leo ni mkimbizi wa jana, na kwa usalama huu wa Beni hakuna anayeweza kuapa kwamba kesho hatafunga mizigo tena.

Mfuko wa msaada unajulikana: unga, maharagi au mbaazi, mafuta, chumvi. Unaokoa maisha, na hakuna wa kuudharau. Lakini ndani yake hamna kitu kibichi hata kimoja. Bugali na maharagi ya chumvi leo, kesho, mwezi mzima. Mtoto anageuza uso. Mzee anakula matonge mawili na kusukuma sahani. Mama anapima sehemu ya unga, anaiuza kwa bei ya kutupa, anunue kitunguu na kube. Hapo watu wanasema: «Mnaona? Wanauza msaada, kumbe hawana njaa.» Njaa wanayo. Wanauza shibe ya wiki ijayo ili chakula cha leo kilike.

Na hiyo kube, sehemu yake kubwa ni chumvi. Chumvi tayari imo katika mfuko. Ladha ya kweli iko kwenye mti mdogo unaoota nyuma ya nyumba bila dawa na bila gharama: pilipili, tena ile ya kijani, iliyochumwa asubuhi hiyo hiyo.

Mama wa huku hahitaji kufundishwa. Anajua kwamba pilipili nzima, yenye kikonyo chake, ikiwekwa juu ya sombe au maharagi yanapokaribia kuiva, inatoa harufu nzuri bila kuchoma sana. Inatolewa kabla haijapasuka, na watoto wanakula. Anajua kuitwanga mbichi na chumvi, kitunguu na ndimu, kila mmoja achote kwa kiasi chake. Anajua kuichoma kwenye makaa pamoja na nyanya hadi ngozi ianze kuungua, kisha kuiponda na kumwagia mafuta ya mawese yenye moto. Kijiko kimoja cha hiyo kinabadilisha sufuria nzima ya maharagi. Anayeogopa ukali aondoe ule utando mweupe unaoshika mbegu ndani, kwa maana moto mwingi unakaa humo, si katika mbegu zenyewe. Na aliyezidiwa asikimbilie maji, hayasaidii. Maziwa au tonge la bugali litamtuliza.

Faida si ya ulimi tu. Pilipili mbichi ina vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule. Ni kweli hakuna anayekula pilipili kama chungwa, na moto wa muda mrefu unaharibu sehemu ya vitamini hiyo. Ndiyo maana ile inayotwangwa mbichi inafaa zaidi kwa watu wanaoishi kwa unga na maharagi.

Wengine wanapinga: pilipili inaleta vidonda vya tumbo. Madaktari wanasema vingi vya vidonda hivyo vinatokana na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, au na kumeza ovyo baadhi ya dawa za maumivu. Mwenye kidonda akiona pilipili inamuumiza, aiache. Wala pilipili haitibu malaria, na haiponyi mtoto mwenye utapiamlo. Huyo apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Lakini kumnyima mama mzima pilipili kwa kisingizio cha tumbo lake si huruma.

Sababu ya kweli ni ardhi. Watalinga ni nchi ya kakao. Kakao inaleta pesa, inasomesha watoto, na hakuna wa kuilaumu. Lakini kuna viwanja ambavyo imefika hadi mlangoni, na mwenye kiwanja anasema hana hata hatua tatu za kumwazima mgeni. Kakao haiingii katika sufuria. Wakati huo huo mama mkimbizi anayetaka mboga anatembea mbali, kwenye mashamba yaliyoachwa, na kila mtu wa Beni anajua ni wakulima wangapi hawakurudi kutoka shambani. Hakuna mtu anayepaswa kuhatarisha shingo yake kwa ajili ya pilipili.

Dawa yake ni ndogo. Pilipili moja iliyoiva ikawa nyekundu inatoa mbegu za kutosha nyumba kadhaa. Mbegu zinakaushwa kivulini, zinapandwa katika kopo au bidoni kuukuu lililotobolewa chini, na zinaota ndani ya wiki moja hadi tatu. Miche ikihamishwa, baada ya miezi miwili au mitatu inaanza kuzaa, na mti ukitunzwa unaweza kuzaa zaidi ya mwaka. Kando ya jiko panatosha.

Kwa hiyo machifu wa vijiji wazungumze na wenye viwanja kuhusu kipande cha mboga kwa kila familia iliyopokewa. Mashirika yanayoleta unga na maharagi yaongeze mbegu, na yawaulize akina mama wanapika nini kabla ya kupakia magari. Na mwenye mti wa pilipili uani asingoje shirika lolote. Achume mkono mmoja leo jioni, ampelekee jirani aliyekimbia, na amwachie moja nyekundu ya mbegu.